Makovu ya Shangazi

Daktari wa paka na mbwa, binti wa mkunga, mjukuu wa mganga wa mifupa, aliwatibu wanyama wa mtaa mzima hadi watu wote wakamwita Shangazi. Paka akiwa mkali, Shangazi alimbana ngozi ya shingo, na makovu ya kucha mikononi aliyaonyesha kama nishani.

Mwaka huu alikwenda kwenye mafunzo ya kuwanoa madaktari wa zamani. Mkufunzi aliwahi kuwa mwanafunzi wake.

"Shikamoo, Shangazi. Kumbana paka shingoni tumeacha, kunamtia hofu. Mfunike taulo, umsubiri."

"Marahaba. Kumbe siku hizi mtoto humfundisha mama kuzaa?"

Ukumbi ukacheka. Yeye akarudi nyumbani amenuna.

Kesho yake akaletwa Jambazi, paka aliyemkwaruza kila alipomchanja. Mkono wa Shangazi ulikwenda shingoni kwa mazoea, ukasita. Akamfunika taulo, akangoja. Jambazi akatulia kama maji mtungini, sindano ikaingia.

Shangazi akayatazama makovu yake kwa muda. Kumbe hayakuwa kosa la paka.

Akamgeukia binti yake, daktari mwenzake. "Mafunzo yajayo nenda wewe. Ukirudi unifundishe, mwanangu, hata nikinuna."