Kidumu cha Maji ya Bahari

Mama Mumo alipotangaza kwamba Desemba hii familia itashuka Mombasa kwa siku moja, na Peres naye ataenda, Peres alimpigia mamake simu Siaya kabla hajamaliza kuosha vyombo. Miaka yote ya uyaya Kilimani hakuwahi kuiona bahari. Mamake, ambaye miguu yake ilikuwa imevimba hata viatu haviingii, aliomba kitu kimoja tu: maji ya chumvi ya baharini ya kuikanda, kwani kanisani kwao wanaamini yanaponya. Peres akatafuta kidumu cha mafuta yaliyoisha, akakisuuza hadi harufu ikatoka.

Basi wakafika. Langoni mwa hoteli ya ufuoni, Mama Mumo akageuka kana kwamba amekumbuka jambo dogo.

"Peres, utabaki hapa parking na mabegi. Ndani ni familia tu."

"Sawa, Mama Mumo. Si unichotee hata maji kidogo?" Akamnyooshea kidumu.

"Nishike hiyo kitu na hii nguo?"

Mchana kutwa Peres aliisikia bahari nyuma ya ukuta, kama sherehe ya jirani asiyekualika. Sijui wangepungukiwa na nini wangemwacha achungulie tu.

Jioni watoto wakatoka wakichuruzika maji, wakamtupia nguo za kuogelea. "Anti, shika." Hapo akapata akili. Akazikamua moja moja juu ya mdomo wa kidumu, na taulo pia. Yakapatikana maji kama kikombe kimoja. Alifurahi hadi akacheka peke yake.

Mama Mumo akamwona. "Hiyo uchafu itanuka kwa treni." Akakichukua kidumu mwenyewe, na nguo yake ileile, akakipindua.

Waliporudi Kilimani, Peres alijaza kidumu maji ya mfereji, akatia chumvi, akaonja, akaongeza. Alilia akikifunga. Kisha akakituma kwa basi.

Haukupita muda, mamake akapiga simu. Miguu bado, alisema, lakini imani ipo, na maji mengine amewagawia wagonjwa wenzake kanisani.

"Mpe mama wa hiyo nyumba simu, nimwombee."

Peres akaipeleka sebuleni. Mama Mumo alisikiliza ile baraka ndefu ya Kiswahili cha kuungaunga, akaitikia amina, akamrudishia simu.

"Mamako anajua kushukuru," alisema. "Wewe hujawahi niambia asante ya hiyo trip."