Kidirisha Kisichongoja Salamu

Siku ya kwanza kazini, katika hospitali moja hapa Ifakara, Katibu alinionyesha kompyuta tatu akasema, "Wewe ndiye fundi wetu wa programu." Mimi, kidato cha nne na cheti cha miezi sita! Nikakubali, maana nyumbani ni karibu na sipendi kulala mbali na kitanda changu.

Niliandika programu ya kupokea wagonjwa. Ukibonyeza "Mgonjwa mpya" kinatokea kidirisha, yaani kisanduku kidogo cha kujaza taarifa. Ukibonyeza "Sawa" kinahifadhi, kinajifunga.

Kwa Skola, karani wa mapokezi, kilijifunga chenyewe kabla ya "Sawa". Majina yakapotea, foleni ikafika getini.

"Huyu hawezi kompyuta," Katibu akasema. "Jumatatu namhamishia kwenye kufua mashuka."

Skola akanijia. "Fundi, sema kweli. Ni mimi?"

Sikujua. Siku mbili nilipekua maagizo ya kitufe cha "Sawa", sikuona kosa. Ijumaa nikabeba kiti, nikaketi nyuma yake.

Akaja mzee kutoka Lupiro. Skola akaandika jina lake, akainua uso.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Za hapa?"

"Nzuri. Mama hajambo? Mpunga je?"

"Ng'ombe wamepita humo, mwanangu, acha tu."

"Pole baba! Na lile goti?"

"Ndilo limenileta."

Kidirisha kikajifunga mbele ya macho yetu.

Hapo nikakumbuka. Nilikuwa nimekiwekea kipima muda: kisipoguswa nusu dakika kijifunge, wapita njia wasisome siri za mgonjwa. Nilikijaribu peke yangu, na mimi huwa sijisalimii.

"Kosa ni langu, mkuu," nikamwambia Katibu.

"Si apunguze salamu?"

"Angezipunguza, goti lililomleta yule mzee lisingetajwa."

Katibu akasema, "Rekebisha. Halafu ukae mapokezi wiki nzima, uwajue watu."

Nikafanya kidirisha kijifiche tu, ukibonyeza kitufe kirudi na maandishi yake. Skola alibaki mapokezi hadi alipostaafu, akahamia kwa mwanawe huko Mchombe. Katika miaka yangu yote ya kazi, ninayoitamani ni wiki ile ya adhabu.

Juzi, nami nimeshastaafu, nilikwenda pale pale kupima presha. Binti wa mapokezi akaomba namba ya kadi, akachapa, akasema, "Pita." Programu safi, niliikagua kwa jicho la fundi, sikuona kosa. Nikabaki palepale nikijifanya natafuta miwani, nikingoja aniulize habari za nyumbani.