Vizingiti vya Bondeni

Sisi watu wa Nakuru tunachukia vumbi kupita kiasi, na hapo ndipo tulipopigwa chenga. Walipobomoa nyumba za zamani upande wa juu wa mtaa wetu wa Bondeni na kuanza kupandisha maghorofa, tuliahidiwa kwamba kila uchochoro ungefunikwa kabro, yale matofali ya saruji ya kutandikwa chini. Tulipiga makofi. Mama yangu, aliyefagia vumbi maisha yake yote, alipiga hadi vigelegele.

Hakuna aliyefikiri kwamba vumbi hilo ndilo lililokuwa likinywa mvua. Udongo wetu ni mwepesi kama unga, na kati ya zile nyumba palikuwa na vishamba vya mboga ya sukuma wiki na kiwanja cha nyasi. Mvua ilinyesha, ikazama, basi. Sasa juu yetu ni mabati, saruji na kabro tupu, na mtaro tulioachiwa hauwezi kumeza hata maji ya kufulia. Nilimwuliza msimamizi wa ujenzi maji yangeelekea wapi.

"Boss, maji itajitafutia njia," akanijibu, akarudi kwenye simu yake.

Kweli yalijitafutia. Yalishuka uchochoro wetu, ambapo nyumba zimeshikana ukuta kwa ukuta kwenye mteremko, yakaingia kila mlango. Watu wakaanza kujenga vizingiti vya saruji. Ukiinua chako, wewe unapona, na maji yanamvamia aliye chini yako.

Mama alikataa. Jirani yetu wa upande wa juu alikataa pia. Hawa wawili walisaidiana kuzika waume zao, na walilea watoto kwa sufuria moja.

"Sisi hatuinui," jirani alimwambia mama. "Ikiingia kwako imeingia kwangu. Tutachota pamoja."

Na kweli walichota pamoja, sketi zimefungwa magotini, wakicheka kama wasichana. Niliwaonea fahari.

Kisha mama akaenda matanga Dundori. Aliporudi alikuta mlango wa jirani una kizingiti kipya, kimefika karibu na goti. Wiki hiyo hiyo mvua ikanyesha mchana, na maji ya nyumba mbili yakaingia moja. Godoro, gunia la viazi, picha ya baba, vyote vikaelea. Huko juu, wapangaji wa ghorofa walisimama kwenye roshani wakitupiga video. Mwenye ghorofa sijawahi kumwona. Ningemtukana yeye, lakini aliyekuwa mbele yetu ni jirani, amekuja na sufuria yake, analia.

"Ni vijana wangu walijenga. Mimi nilikataa, haki ya Mungu."

Mama hakuinua kichwa. "Enda kwako," alisema. "Kwako ni kukavu."

Hawajasalimiana tangu siku hiyo, na hilo linaniuma kuliko godoro.

Jumapili baada ya kanisa mama alinituma saruji na matofali. Nikachanganya, nikaanza kujenga. Chini yetu anaishi mzee anayetumia kiti cha magurudumu. Mlango wake hauna kizingiti, wala hauwezi kuwa nacho, kwa sababu kiti hakitapita. Alikuwa nje akiota jua, akanipungia mkono.

Nilisimamisha mwiko. "Mama, na huyu mzee je?"

Alitazama alama ya maji ukutani kwetu, kisha akanitazama.

"Ongeza tofali moja," alisema.