Dobi Amgusa Mfalme

Mke wangu ni dobi, na mkono wake haujui kutulia. Akiona kola imepinda ataivuta tu, hata kama shingo iliyo ndani ni ya mtu asiyemjua. Picha ya ukutani, pazia, kofia yangu, vyote lazima vinyooke. Mimi mwenyewe nimenyooshwa miaka ishirini na sita, nimeshazoea.

Jumamosi ile alikuwa na mchezo wa mwisho wa mashindano ya sataranji. Akishinda, anaingia kwenye timu ya taifa na kusafiri nayo miezi miwili. Asiposhinda, basi tena. Miaka mitatu mfululizo alikuwa ameikosa nafasi hiyo chupuchupu.

Mpinzani wake alikuwa mwalimu wa hesabu, na tai juu. Mke wangu akamsogeza askari wa mbele ya mfalme hatua mbili. Mwalimu naye vilevile. Kisha, jamani, dobi akaona mfalme wake amekaa mshazari. Akamnyoosha.

"Ukigusa umecheza, mama," mwalimu akasema kwa adabu kabisa.

Sheria ndiyo hiyo: kete uliyoigusa lazima uisogeze. Ukitaka kurekebisha kete, sema kwanza. Ikambidi amtoe mfalme nje hatua moja, mchezo wenyewe hata haujachanganya. Nyuma yangu watu wakacheka. Na mimi, nisiseme uongo, moyo wangu ulishangilia. Miezi miwili bila yeye ningeishije? Nilitaka ashindwe.

Halafu nikamwona anameza mate, ameinamia ubao. Haya zikanishika, nikajiona mtu bure. Nikaanza kumwombea kwa pupa, kama mtu aliyechelewa kazini.

Walikabana kwa muda wa saa tatu nzima. Malkia wakaliwa, ngome zikaisha, wakabaki askari wachache na wafalme wawili. Wa mwalimu alikuwa kajificha pembeni tangu mwanzo. Wa mke wangu alikuwa katikati, keshazoea kutembea. Akamsindikiza askari mmoja hadi mwisho wa ubao, askari akageuka malkia. Mwalimu akatoa mkono wa kukubali.

Njiani nikashindwa kukaa nalo moyoni. "Mama watoto, ulipomgusa mfalme, mimi nilifurahi."

"Najua. Nilikutazama wewe kwanza, ndipo nikatazama ubao."

"Na hukukasirika?"

"Nilikasirika sana. Ningeshindwa leo, ningekuchukia." Akanishika mkono. "Sasa nitakukumbuka tu."