Onyo Linalofika kwa Mke

Kampuni ninayoendeshea lori ilitia programu katika simu za mashofere wote. Simu inabanwa mbele, karibu na kioo, nayo inajua kila saa unakwenda mbio kiasi gani. Ukipita sitini na umebeba shaba, inalia. Usipopunguza, sauti ya mwanamke inakukaripia kwa Kifaransa. Ukizidi kuwa kichwa ngumu, ujumbe unakwenda biro, ofisini kwa wakubwa, na kwa mke wako. Ndiyo, kwa mke! Wakubwa waligundua kwamba shofere wa Kolwezi hamwogopi bosi, anamwogopa mama wa nyumbani.

Nilichukia. Barabara hii ya Fungurume nimeiendesha tangu ikiwa mashimo matupu, leo kisimu ndicho kinifundishe breki? Kwenda zako!

Halafu mke wangu akaenda kwao Musumba kumwuguza mama yake. Mama akapona, yeye hakurudi. Hatukugombana. Hatukujaliwa watoto, mimi nilikuwa njiani siku zote, na alisema kule angalau kuna watu wa kuongea nao. Nikimpigia, hashiki. Nilimtaka arudi, basi, sikutaka kingine.

Siku moja, napita machimbo ya Mashamba na mawazo yangu, mguu ukawa mzito juu ya mafuta. Mashine ile ya kwenye simu ikapiga kelele. Kidogo tu, simu ikaita.

"Tata, ni nani iko anakufukuza?"

Jamani, sauti ya mke wangu, bado ananiita tata, yaani baba! Nilisimamisha lori pembeni. Alinigombeza mpaka akaishiwa maneno, kisha akauliza kama nilikula bukari. Nikasema nimekula, kumbe njaa inaniuma.

Toka siku hiyo, upweke ukinishika nilikanyaga mafuta. Atapiga, atanigombeza, ataniuliza habari ya chakula. Biro nao walipiga, wakasema nikiendelea lori litapewa mwingine. Walichukue! Kila mara nilijiandaa kumwambia, mama, rudi nyumbani. Kila mara nikaishia kusema, sawa mama, nimepunguza.

Wiki iliyopita nilikanyaga nilipotoka tu Fungurume. Mashine ikalia, nikangoja. Nikakanyaga tena. Mpaka naingia Kolwezi hakuna aliyepiga.

Biro wakaniita. Tata anayeangalia ile mashine ni mtu mpole. Alifunga mlango kwanza.

"Tata, mama alitupigia. Aliomba tutoe namba yake katika mashine. Anasema alichoka kungojea habari ya kifo yako."

Huko Musumba, kumbe, kila nilipofurahi yeye alikuwa anatetemeka.

"Sasa, pahali pa mama tutie namba ya nani?"

Nikafungua simu, nikapekua majina yote. Mashofere, fundi wa matairi, muuza mafuta, biro. Nikarudia tena kutoka juu.

"Acha wazi," nikamwambia.

"Haikubali, tata. Inataka mutu."

Nikamtajia namba yangu mwenyewe.