Ubao Aliougeuza Mama

Chumba cha shule kilinuka chokaa mbichi na ile dawa kali ya kuoshea picha, na dirishani ikaingia harufu ya ndizi zilizoiva. Kilikuwa kiangazi, enzi za Wajerumani, kwetu Ngana. Mzungu mmoja wa misheni alikuwa amezunguka vijiji na sanduku lake akipiga picha, akakusanya na vyungu, mikuki na vigoda, ili tuje tuitazame nchi yetu ukutani. Hakuwa mtu mbaya. Aliomba kabla ya kupiga, na aliyekataa alimwacha. Mimi nilikuwa binti mdogo, nasoma kwa kubabaisha, basi huenda mengine nayakosea, ila maneno ya chini ya picha zile siwezi kuyakosea. Mama alipigwa picha akimenya ndizi. Babu mzaa baba alipigwa siku nyingine, ameketi kigodani. Mzungu akazibandika bega kwa bega kwenye ubao mmoja, akaandika: “Mume na mke.”

Asiye wa kwetu aelewe: mke wa mtu hakuruhusiwa hata kuuona uso wa baba mkwe wake. Tangu aolewe, mama akisikia kikohozi cha babu aliacha njia akaingia migombani, kaniki usoni. Nilipokimbia nyumbani kumweleza nilichosoma, alitupa kisu. Majirani wakaangua kicheko: “Mwenzetu umeolewa upya! Na bwana harusi ana mvi!” Wahenga husema asiyejua maana haambiwi maana, lakini mama aliona mzungu huyu ataambiwa. Alikwenda moja kwa moja shuleni, watu wakiwa wameanza kufika, akaugeuza ubao ukatazama ukuta, akaketi sakafuni akiuegemea.

“Mama, karatasi haina macho,” mzungu alisema kwa upole.

“Kama haina macho, mbona umeita nchi nzima ije itazamane nayo?”

Babu alikohoa tangu mbali. Alipoambiwa nani yumo ndani, akakaa nje mbele ya shule, mgongo kwa mlango. “Mwambieni mkwe wangu asiondoke,” alisema. “Mimi nina jua la kuota.” Hakuna mwanamume aliyethubutu kuingia kabla yake, wakaketi naye wote, na mle ndani mikuki ikabaki kutazamana na vyungu. Jua lilipoinama mzungu alileta mkasi, akazitenga picha, akamwomba mama radhi na kumkabidhi yake. “Ndaga,” mama alisema, ndiyo asante ya kwetu, akatokea mlango wa nyuma.

Leo mke wa mwanangu anakula meza moja na mume wangu, wanataniana, nami nafurahi. Sitasema mila ile ilikuwa ya haki: mama alijipenyeza migombani huku babu akitembea njia kuu, na sijui kama mwenyewe aliipenda hata siku moja. Wajukuu huniuliza, basi aliitetea ya nini? Sina elimu ya kubishana nao. Najua tu kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mzigo wa mila ile ulikuwa kichwani mwa mama, na wa kuutua alikuwa yeye, si mwenye sanduku.