Hoteli ya Kijapani, Ghorofa ya Sita, Berea

Kama kuna mtu Johannesburg aliyechoka kuliko Ignace, mimi sijamwona, na sina hamu ya kumwona. Ni Mkongomani wa Lubumbashi, mlinzi wa usiku, mpole mpaka anakera. Tulikuwa fleti moja Berea, ghorofa ya sita, lifti ilishakufa kabla yetu sote. Yeye alikuwa na kona yake sebuleni, nyuma ya pazia. Mimi, mtu wa Tanga, mwuza kanga mtaa wa Mayfair, nilibanana na marobota yangu kwenye roshani iliyozibwa vioo, nikinyoosha miguu nagusa ukuta. Aliyetupangisha ni Mama Hélène, Mkongomani mwenzake, naye mpangaji tu kama sisi, ila mwenye sauti.

Mwaka huo, 2019, Kombe la Dunia la raga lilikuwa Japani, na ofisi ya safari aliyoilinda Ignace kule Rosebank ilitaka kila shabiki akate tiketi. Dirishani waliweka televisheni kubwa iliyoonyesha vituko vya Japani mpaka alfajiri. Ignace hakuwa na kingine cha kutazama. Asubuhi alitusimulia jikoni, macho nusu yamefumba: kisiwa chenye sungura wengi kuliko watu, kijiji cha mbweha, bwawa ambalo watu wanaogelea ndani ya mvinyo.

"Na bundi, yaya Tumu," aliniambia; yaya kwao ni dada mkubwa. "Muntu analipa, anakunywa kahawa, bundi iko ku mabega yake."

Bundi! Kwetu akitua juu ya paa watu wanasoma dua, huko wanampigia foleni.

Siku moja akaleta habari ya hoteli. "Vyumba hakuna. Ni makasha, moja juu ya lingine. Batalii banaingia, banalala, banapiga foto, banafurahi kabisa."

Tulicheka. Mama Hélène hakucheka. Aliweka kikombe chini, akageuka kuitazama sebule, na mimi nikaona macho yake yanapima.

Septemba maduka ya wageni yakachomwa upande wa mashariki ya mji, watu wakakimbilia Berea na magodoro kichwani. Kila mtu alitafuta pa kujilaza. Haikupita wiki, fundi seremala akapandisha plaiwudi ngazi zote zile, akajaza sebule makasha, mawili mawili kwenda juu, kila moja na pazia lake, taa yake na mahali pa kuchajia simu. Mama Hélène akachora duara jekundu la bendera yao ukutani ili Japani isikosekane.

Kona ya Ignace ikafa hapo. Kwa mtu mwingine ingekuwa usumbufu tu, lakini mke wake Agnès alikuwa njiani. Hawakuonana tangu Ignace alipoondoka Lubumbashi, miaka nenda rudi, na kwa ajili yake alikuwa amenunua godoro la watu wawili. Halikuingia kwenye kasha. Fundi akalikata katikati kwa kisu cha mkate, nusu ikaenda kwa Ignace, nusu kasha la juu yake, la mpangaji mwingine. Nilisimama pale nikiangalia sponji inavyopukutika, roho ikaniuma.

"Kwa nini humwambii neno huyu mama?" nilimfokea.

"Yaya, nachoka. Kugombana kunaomba nguvu."

Agnès akafika na basi, miguu imevimba. Mama Hélène akampitisha sebuleni kama mwenye hoteli kweli. "Ni mtindo ya Japon, mama. Batalii banavuka bahari juu ya hii."

Agnès akainamisha kichwa, akachungulia ndani ya kasha la mumewe. "Na babibi yabo banalala wapi?"

Habari za wake wa watalii Ignace hakutuletea. Lakini Mama Hélène hakosi jibu. Tatizo liko wapi? Ignace anafanya kazi usiku, basi usiku alale Agnès, mchana alale Ignace, kasha moja linatosha. Alisema kama anayetoa zawadi.

Ikawa hivyo. Asubuhi Ignace akiingia, Agnès anatoka, wanapeana nafasi pazia likiwa wazi kama walinzi wanaokabidhiana zamu. Mwenzake kazini alikuwa ametoroka zile fujo, kwa hiyo siku ya mapumziko ikawa haiji. Agnès alikuja kunisaidia kukunja kanga akaniambia bila kuniangalia, "Nilikuya kulala na bwana yangu, yaya. Ninalala na harufu yake."

Niliwachukia wote siku hiyo, Mama Hélène na Wajapani wake, na Ignace na upole wake.

Hatimaye Ignace akapata usiku mmoja wa kupumzika. Nikawasikia wakibishana kwa kunong'ona, lala wewe, hapana, lala wewe, mpaka wa kasha la juu akagonga ubao. Mimi nikalala.

Asubuhi nilipoamka kupika chai, pazia la kasha lao lilikuwa wazi na ndani hamna mtu. Walikuwa jikoni, kwenye viti vya plastiki, vichwa juu ya meza kati ya vikombe, koti la ulinzi limewafunika wote wawili. Ignace alikuwa anakoroma. Mkono wa Agnès ulikuwa umemshika kola.

Mama Hélène akatokea na kilemba chake. Akafungua mdomo, nikajua anataka kusema jikoni si mahali pa kulala.

"Mama Hélène," nikamwambia, "ukiwaamsha hawa, leo utanijua."

Akaniangalia, akaiangalia meza, akafunga mdomo. Nikazima jiko kabla birika nililobandika halijaanza kupiga kelele, nikachukua marobota yangu na kushuka ngazi bila chai. Tangu Agnès afike Johannesburg, ndiyo ilikuwa mara ya kwanza wamelala pamoja.